Namba Haijisemei

Mtu amepanda mizani ya kisasa nyumbani kwake asubuhi, ameshuka, amekwenda zake kuoga. Mizani imetuma taarifa kwa njia ya intaneti, na huko kwenye seva zimehifadhiwa namba nne: 65750, aina 1, kipeo hasi 3, na nyingine ndefu ya tarakimu kumi. Basi. Hakuna neno uzito, hakuna kilo, hakuna leo asubuhi. Anayejua atasoma kwamba aina 1 ni uzito. Kwamba 65750 ikisogezwa desimali tatu inakuwa kilo 65.75, na kwamba ile namba ndefu ni hesabu ya sekunde tangu saa sita usiku wa kuamkia 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich. Asiyejua ataona elfu sitini na tano na ushei za kitu asichokifahamu.

Ndivyo kampuni ya Withings ya Ufaransa inavyowapa watengenezaji wa programu vipimo vya mizani zake, na hakuna ubaya wowote hapo. Namba kamili yenye kipeo chake hutunzwa na kompyuta bila kupotea hata chembe, na umbo moja la jibu linatosha kubeba uzito, kimo, joto na mapigo ya moyo. Ubaya unaingia pale tunapodhani kwamba namba ikishafika salama kazi imekwisha. Namba haijisemei. Lazima awepo wa kuisemea: ni ya nini, ni ya nani, ilichukuliwa lini, na iaminiwe kwa kiasi gani. Katika kazi ya programu, msemaji huyo ni mwandishi wa maelezo ya zana. Nataka kumsifu, kwa sababu miaka hii kazi yake imepata msomaji mpya na dhima mpya, ilhali wengi bado wanaiona kuwa kibarua cha dakika za mwisho, cha kumpa yeyote aliyekaa bure siku ya Ijumaa.

Msomaji huyo mpya ni wakala wa akili mnemba. Tuseme una mizani na mashine ya presha, vyote vimeunganishwa na simu. Unaiuliza programu yako ya mazungumzo: "Nimepungua tangu Ramadhani?" Modeli ya lugha iliyo nyuma ya programu hiyo haina vipimo vyako. Ina orodha ya zana inazoruhusiwa kuziita, na inabidi ichague. Mwezi Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitangaza utaratibu wa wazi uitwao Model Context Protocol, kwa kifupi MCP, wa kuwaunganisha mawakala na zana za nje. Kwa utaratibu huo zana hujitambulisha kwa jina, kwa maelezo yaliyoandikwa katika lugha ya kawaida ya watu, na kwa orodha ya vigezo inavyotaka kujaziwa. Wakala haoni msimbo ulio ndani ya zana. Hajui mhandisi alikusudia nini wala walikubaliana nini kwenye kikao. Anachokijua ni kile alichoandikiwa.

Msomaji wa zamani alikuwa mtengenezaji programu mwenzetu. Akikuta maelezo yamepwaya alisonya, akafungua msimbo, akajaribu hiki na kile, mwisho akampigia mtu simu. Upungufu wa mwandishi ulifidiwa na ubishi wa msomaji. Tumelelewa tukiambiwa kuuliza si ujinga, na fani nzima ya programu imesimama juu ya watu wasioona haya kuuliza. Wakala ana tabia hiyo kwa uchache mno. Akiandikiwa kwamba zana inatoa urefu, ataiita, atapokea 1.7, na ataendelea na safari yake kwa kujiamini, akijaza mapengo kwa makisio yanayokaribiana na ukweli. Makisio hayo yanatoka yamepangwa katika sentensi nzuri, na mwenye mwili hana namna ya kuyatenganisha na kipimo.

Tuitazame sentensi moja kwa karibu. Zana ndogo ya kusoma vipimo mara nyingi huzaliwa na maelezo haya: "Hurejesha vipimo vya mwili vya mtumiaji." Sarufi yake ni safi, na sentensi yenyewe haifai. Vipimo gani? Fundi cherehani naye huchukua vipimo vya mwili, na mtu akimwambia wakala "nitafutie vipimo vyangu nikashone suti," wakala atakwenda kwenye zana hii kutafuta kiuno na mabega ambavyo haina. Vipimo vyote au cha mwisho? Mtu aliyejipima kila asubuhi kwa miaka ana maelfu. Mtumiaji yupi, anayeuliza au anayeulizwa habari zake? Mwandishi anayeijua kazi ataifumua sentensi hiyo na kuishona upya, mpaka isomeke hivi:

"Husoma uzito, kimo, shinikizo la damu, mapigo ya moyo na makadirio ya mafuta ya mwili ya mwenye akaunti peke yake, kati ya tarehe mbili. Uzito ni kwa kilo, kimo kwa mita, shinikizo kwa milimita za zebaki. Kila kipimo huja na tarehe na saa kilipochukuliwa. Haina vipimo vya kushonea nguo. Kipimo kisichokuwapo kisikadiriwe."

Si maneno mengi, na kila moja limewekwa kwa makusudi. "Husoma" linamhakikishia wakala kwamba akiiita zana hii hataharibu wala kubadilisha kitu. "Peke yake" linasubiri siku ambayo binti ataandika kwenye simu yake, "Presha ya mama ikoje?" Akaunti ni ya binti. Bila maneno hayo mawili, wakala atavuta namba za binti na kumpa kana kwamba ni za mama, na binti atalala akiwa na amani asiyostahili kuwa nayo. Sentensi ya kukana, ile ya nguo, watu wengi huiona kama kituko, kwani nani hutangaza asichouza? Lakini wakala mwenye zana thelathini mbele yake anahitaji kujua mipaka kuliko anavyohitaji sifa.

Neno "makadirio" nalo lina kisa chake. Mizani ya nyumbani haiyaoni mafuta ya mwili. Inapitisha mkondo hafifu wa umeme kutoka mguu mmoja hadi mwingine, inapima ukinzani, kisha inakisia kwa kanuni inayotumia pia kimo, umri na jinsia. Mwili wenye maji mengi hupitisha umeme kirahisi zaidi. Kwa hiyo mtu aliyetoka mazoezini au aliyekunywa maji mengi anaweza kupewa asilimia tofauti bila kuongeza wala kupunguza gramu moja ya mafuta. Uzito ni kipimo. Mafuta ni hesabu iliyofanywa juu ya kipimo kingine. Vikiwekwa bega kwa bega bila neno la kuvitenganisha, wakala atavipa heshima sawa, na mtu atajinyima chakula cha jioni kwa ajili ya glasi mbili za maji.

Vizio ndivyo uwanja wa kwanza wa kazi hii. Withings hutoa kimo kwa mita. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, ukaenda Rwanda mwaka huohuo na baadaye nchi nyingine nyingi, kwa desturi huandika kimo kwa sentimita. Zana inayosoma kutoka pande zote mbili itapokea 1.7 kutoka nyumbani na 170 kutoka hospitali, za mtu yuleyule. Mtu wa kilo 70 na mita 1.7 ana uwiano wa uzito kwa mraba wa kimo wa 24.2; ukiweka 170 mahali pa mita unapata 0.0024. Kosa kama hilo angalau linajianika. La kuogopwa ni lile linalofanana na ukweli: paundi 154 ni takribani kilo 70, lakini 154 isiyo na kizio inasomeka vizuri tu kama kilo, na mtu mwenye afya yake ataanza kushauriwa apunguze nusu ya mwili.

Hapo OpenMRS yenyewe ina la kufundisha. Moyo wake ni kamusi ya dhana. Kila kitu ambacho muuguzi anaweza kukirekodi kina ingizo lake humo, lenye jina, aina ya jibu, kizio, na kikomo cha chini na cha juu ambacho zaidi yake namba haikubaliwi. Watu waliokaa kuandika maingizo hayo walikuwa wanaandika maelezo, ingawa hakuna aliyewaita waandishi. Waliweka maana kabla ya data. Ndiyo maana kadi iliyojazwa na muuguzi aliyekwishahama kituo inasomeka bado na aliyempokea.

Baada ya vizio huja saa, na saa kwetu ina mitego miwili. Zana nyingi hutunza muda kwa saa za Greenwich. Mtu wa Dar es Salaam akijipima saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 5 Machi, kwenye seva kipimo chake kitakuwa cha 22:30 tarehe 4, kwa kuwa sisi tuko mbele kwa saa tatu. Akiuliza vipimo vya leo, hicho kitaachwa nje. Mtego wa pili ni wa kwetu wenyewe. Anayesema "nionyeshe presha ya saa mbili asubuhi" anataka ya 08:00. Wakala aliyesoma Kiingereza kingi na Kiswahili kidogo anaweza kuitafuta ya 02:00, asiione, kisha akamjibu mwenyewe kwamba hakujipima. Dawa yake ni mstari mmoja kwenye kigezo cha saa: muda uandikwe kwa saa 24 pamoja na tofauti yake na Greenwich, kama 2025-03-05T08:00+03:00, na mtumiaji akitaja saa za Kiswahili zigeuzwe kwanza. Anayeandika mstari huo lazima awe mtu anayejua kwamba sisi tunaanza kuhesabu saa za mchana kunapokucha. Ujuzi wa namna hiyo haupatikani kwenye msimbo.

Kuna alama ndogo kwenye majibu ya Withings ninazozipenda kwa uaminifu wake. Mojawapo hutenganisha kipimo halisi na lengo: 1 ni namba iliyopimwa, 2 ni namba ambayo mtu amejiwekea kuifikia. Mwenye kilo 82 aliyejipangia kufika 74 ana namba zote mbili kwenye akaunti yake. Zana isiyoeleza tofauti itampa wakala zote kwa pamoja, na wakala atampongeza kwa kupungua kilo nane ambazo bado anatembea nazo. Alama nyingine husema namba ilivyopatikana. 0 maana yake kifaa kilipima na kina hakika ni ya mwenye akaunti. 1, kifaa kilipima lakini huenda ni ya mtu mwingine. 2, mtu aliiandika mwenyewe kwa mkono. Katika nyumba ya ndugu wawili wenye miili inayokaribiana uzito, mizani inajikuta haijui ni nani amepanda, na inakiri. Mwandishi akiiacha alama hiyo kwa kudhani ni utondoti wa kihandisi, ameifuta kauli ya kweli ambayo hata chombo cha kioo na chuma kilijitahidi kuisema.

Uwanja mgumu kuliko yote ni wa kitu ambacho hakipo. Kipimo kikikosekana, zana irudishe nini? Sifuri ni uongo, maana hakuna mtu wa kilo sifuri. Kimya kinatatanisha. FHIR, kiwango cha kimataifa cha kubadilishana taarifa za afya, kimetenga mahali maalumu pa kueleza sababu ya kukosekana: kipimo hakikufanyika, mhusika aliulizwa akakataa kujibu, palitokea hitilafu, taarifa imefichwa kwa ajili ya faragha, haijulikani. Waliotunga orodha hiyo walielewa kwamba kukosekana nako ni habari. Kwa zana yetu ndogo tofauti kubwa ni moja: orodha tupu inamaanisha mtu hakujipima katika kipindi hicho, na kosa la idhini linamaanisha hatujui kama alijipima. Idhini ambayo mwenye akaunti huipa zana ya kusoma vipimo vyake huisha muda wake na kuhitaji kuhuishwa. Wakala asiyeelezwa tofauti hiyo atamgombeza mgonjwa mwaminifu kwamba ana mwezi mzima hajapima presha, kumbe aliyesinzia ni mfumo.

Na presha yenyewe ni namba mbili zisizotenganishwa. Katika mpangilio ule wa aina wa Withings, ya juu ni aina 10 na ya chini ni aina 9, na hufika katika kundi moja kwa sababu zimezaliwa na mkupuo mmoja wa mkanda mkononi. Zana ikizipanga katika orodha mbili, wakala anaweza kuchukua ya juu ya Jumatatu na ya chini ya Alhamisi, akatunga presha ambayo hakuna mtu duniani aliyewahi kuwa nayo. Tena kuna hali ya upimaji. Waganga hutaka mtu akae ametulia kwa dakika 5, ameegemea, miguu sakafuni, mkono usawa wa moyo, bila kuzungumza. Mashine haijui kama hayo yalitimizwa au kama mtu alikuwa ndiyo kwanza amepanda ngazi akigombana na konda aliyemshusha mbali na kituo. Maelezo yatamke wazi: zana hii haijui hali ya mtu alipokuwa anapimwa. Wakala aliyeandikiwa hivyo, akikutana na namba moja ya kutisha, atasema "pumzika upime tena" kabla ya kusema lolote jingine.

Uungwana huu wa kutaja mipaka una mizizi ya mbali. Tarehe 3 Novemba 1971, katika maabara za Bell huko New Jersey, Ken Thompson na Dennis Ritchie walitoa toleo la kwanza la mwongozo wa mfumo wa Unix. Kila amri ilipewa maelezo yake chini ya vichwa vilevile: jina, namna ya kuiandika, inachofanya, mafaili inayoyagusa. Kuelekea mwisho palikuwa na kichwa cha kasoro, ambapo waandishi waliorodhesha kasoro za amri walizozijua wao wenyewe. Hawakungoja mtumiaji azigundue kwa kuumia. Kichwa hicho kingali hai kwenye kompyuta nyingi leo, na kwangu ndicho kipimo cha mwandishi. Kusema zana inaweza nini ni kazi ya yeyote mwenye mdomo; kuonyesha inapoishia kunataka mtu aliyeitumia, akaichosha, akaijua, kisha asiione haya.

Mfano mwingine wa ufundi huu hauna kompyuta ndani yake. Ni ule utepe ambao wahudumu wa afya ya jamii humzungushia mtoto kwenye mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, kuangalia lishe. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kutoka hapo hadi 12.5 ni njano, zaidi ya hapo kijani. Kizio, mpaka na maana ya namba vimechapishwa juu ya chombo chenyewe. Huwezi kukibeba ukayasahau maelezo yake nyumbani. Lakini hata utepe una kitu usichojisemea: rangi hizo zimewekewa watoto wa miezi 6 hadi 59. Umfunge mtoto wa miaka saba, utakupa rangi vilevile, tena bila kusita. Kwa hiyo mhudumu hufundishwa kuuliza umri kwanza, na mafunzo hayo ndiyo sentensi iliyobaki ya maelezo.

Umri wa mtoto hutusogeza kwenye umri wa kipimo. Dawa ya mseto ya malaria yenye artemether na lumefantrine hutolewa kwa uzito: kuanzia kilo 5 hadi chini ya 15, kidonge kimoja kwa mkupuo, kuanzia 15 hadi chini ya 25, viwili. Mtoto aliyepimwa kilo 14.6 kliniki miezi mitatu iliyopita huenda leo amevuka 15. Simtaki wakala agawe dawa. Kuna mhudumu kwa ajili hiyo. Lakini mzazi aliye mbali na kituo, usiku, mtoto anachemka, atamuuliza, na wakala atachukua uzito wa mwisho alionao. Tarehe iliyobandikwa kwenye namba, pamoja na sentensi inayosema uzito wa mtoto huchakaa upesi na upimwe upya kabla ya kutumiwa kwa dozi, ni mistari miwili. Sijui uandishi mwingine ambapo mistari miwili inafanya kazi kubwa hivyo bila mwandishi kupigiwa makofi.

Mtu anaweza kudhani basi dawa ni kuandika kila kitu. Hapana. Maelezo ya kila zana huwekwa mbele ya modeli pamoja na ya zana nyingine zote, mazungumzo baada ya mazungumzo, na nafasi hiyo ina mipaka na gharama. Maelezo ya kurasa tatu yanazamisha onyo lililo kwenye ukurasa wa pili. Hapa ndipo fundi hujulikana. Kinachomsaidia wakala kuamua kama aiite zana kinakaa kwenye maelezo ya mbele. Kinachomsaidia kuelewa alichopokea kinasafiri na jibu lenyewe. Badala ya sehemu iitwayo uzito, sehemu hiyo iitwe uzito_kilo. Kizio sasa kimeingia ndani ya jina, hakiwezi tena kudondoka njiani. Badala ya kueleza mbele maana ya kila alama ya uhakika, jibu liseme "huenda ni kipimo cha mtu mwingine" pale tu inapohusika. Maelezo bora ni yale ambayo msomaji hana nafasi ya kuyakosa.

Kuaminiwa hivyo kuna upande wa hatari. Watafiti wa usalama wameonyesha kwamba mtu mbaya anaweza kuficha maagizo ndani ya maelezo ya zana, na wakala akayatii kama ambavyo angetii ya halali. Msomaji anayeamini neno lako lote anakudai uadilifu kuliko msomaji mbishi. Na hapa tunazungumzia miili ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na ile ya Kenya ya mwaka 2019 zote zinaziweka habari za afya kwenye kundi nyeti. Maelezo mazuri ya zana kama hii yanasema inasoma nini, haisomi nini, inatunza nakala au haitunzi, na mwenye akaunti anawezaje kuifungia mlango. Hayo hayamsaidii wakala kujibu swali lolote. Yanamsaidia mwenye mwili kujua nani ameshika namba zake.

Maelezo yakishaandikwa, kazi inaanza upya. Zana hubadilika: mhandisi anaongeza joto la mwili, anahamisha kimo kutoka mita kwenda sentimita ili kifanane na cha hospitali, anapandisha toleo. Msimbo uliobadilika hupita mitihani yote. Maelezo yasiyoguswa nayo hayalii popote. Yanageuka uongo kimyakimya yakiwa yaleyale ya jana. Mwandishi stadi huyajaribu kwa maswali, jinsi mhandisi anavyoujaribu msimbo kwa data. Humpa wakala maswali ya watu wasioijua zana: "Nimenenepa?" "Mbona jana imeandika mara mbili?" "Nipe wastani wa presha ya mwezi wa Shaabani." "Mtoto wangu ana kilo ngapi?" Anaangalia zana gani iliitwa, kwa vigezo gani, na jibu lilisema nini lisilotoka kwenye data. Kila jibu lililopinda anarudi nalo kwenye sentensi, anahamisha neno, anauliza tena. Ni kazi ya sikio kama ya mtunga mashairi anayehesabu mizani ya ubeti, tofauti ikiwa kwamba hapa ubeti ukikatika anayeumia hayumo ukumbini.

Siku wakala atakapomwambia mtu, "Kipimo nilichonacho ni cha miezi mitatu iliyopita, na sina hakika kama ni chako; jipime tena kabla hatujaendelea," mtu huyo atasifu akili ya mashine. Mashine inastahili sehemu ya sifa hiyo. Sehemu nyingine ni ya aliyekaa akafikiria mizani yenye ndugu wawili, usiku wa tarehe 4 na 5, idhini iliyokwisha, na mtoto wa kilo 14.6, akaviandikia mstari mmojammoja. Ule mwongozo wa 1971 ulikuwa na kichwa kingine baada ya kasoro: mwenye amri, na chini yake jina fupi la aliyehusika, ili ajulikane wa kuulizwa. Desturi hiyo irudi. Zana zinazosoma miili ya watu zitaje aliyeziandikia maelezo, kama zinavyotaja aliyeandika msimbo, na kazi yake ianze siku ya kwanza ya mradi, maana maswali anayoyauliza ili apate cha kuandika ndiyo yaleyale ambayo mhandisi alipaswa kujiuliza kabla ya kujenga.